Kamba na Konokono wa Majini Nyumbani: Mambo ya Kuzingatia kwa Wakazi wa Arusha

ARUSHA: Ufugaji wa viumbe wadogo wa maji baridi katika matangi ya kioo ni miongoni mwa burudani zinazoweza kufanyika katika nafasi ndogo ya nyumba za mjini. Kamba wadogo na konokono wa majini huchaguliwa kwa kuwa hula kidogo, hawana kelele na husafisha mwani unaoota kwenye kioo. Hata hivyo, kwa mkazi wa Themi na maeneo mengine yanayozunguka Mlima Meru, ufugaji huo unahitaji uelewa wa mambo mawili: sifa za maji ya eneo hili, na wajibu wa mfugaji kwa afya ya jamii na kwa mito.

Maji ya Arusha yana sifa zake

Maji mengi yanayotoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru yana madini ya floraidi na magadi kwa wingi, lakini yana kalsiamu kidogo. Ndiyo sababu Serikali, kupitia kituo cha utafiti cha Ngurdoto, imekuwa ikieneza teknolojia ya kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ili kupunguza floraidi katika maji ya kunywa. Ikumbukwe kuwa kuchemsha maji hakuondoi floraidi; maji yanapopungua kwa mvuke, madini hayo huongezeka katika yale yanayobaki.

Kwa mfugaji, sifa hizo zina athari mbili. Kwanza, konokono huhitaji kalsiamu kujenga gamba lake, na kamba huihitaji kila anapojivua gamba la zamani na kuimarisha jipya. Pale kalsiamu inapopungua, gamba la konokono huwa jembamba, hupauka na kutoboka, na kamba huweza kufa wakati wa kujivua. Pili, katika maji yenye magadi, amonia inayotokana na kinyesi na mabaki ya chakula huwa na sumu kali zaidi kuliko katika maji ya kawaida. Kosa dogo la kulisha kupita kiasi linaweza kuua viumbe wote kwa usiku mmoja.

Maandalizi ya tangi

Tangi la lita 40 linatosha kwa anayeanza. Maji ya bomba yaachwe kwenye ndoo pana iliyo wazi kwa saa 24 ili klorini ipungue. Yanaweza kuchanganywa na maji ya mvua yaliyovunwa kwenye paa safi ili kupunguza ukali wa magadi. Tangi liwekewe mchanga, mimea ya majini na chujio dogo lenye sifongo, kisha liachwe kwa wiki nne hadi sita kabla ya kuingiza viumbe. Katika kipindi hicho, bakteria wenye manufaa hujijenga na kuanza kubadili amonia kuwa nitriti, na hatimaye nitrati, ambayo madhara yake ni madogo na hutumiwa na mimea.

Kamba wengi wa mapambo hustawi katika joto la nyuzi 20 hadi 26. Kwa kuwa Jiji la Arusha lipo takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, usiku wa Juni na Julai ni baridi, hivyo tangi liwekwe mbali na dirisha na sakafu ya saruji. Liwe pia na mfuniko wa wavu ili mbu wasizaliane humo.

Lishe

Chakula kikuu cha viumbe hawa ni mwani na utando laini unaoota juu ya mawe, majani na mbao. Mara mbili au tatu kwa wiki wapewe kipande kidogo cha mchicha, tango au karoti iliyochemshwa hadi kulainika. Mabaki yaondolewe baada ya saa chache. Kwa kuwa ganda la yai huyeyuka polepole katika maji yenye magadi, ni vyema lisagwe na kupakwa kwenye mboga ili konokono apate kalsiamu kwa kula. Gamba alilojivua kamba lisitolewe, kwani yeye mwenyewe hulila na kurejesha madini yake.

Mboga zioshwe vizuri. Mrututu na viuatilifu vingine vyenye shaba, vinavyotumika katika kahawa na nyanya, huua kamba hata kwa kiasi kidogo. Vivyo hivyo dawa ya kupuliza mbu isitumike katika chumba chenye tangi. Kila wiki, sehemu moja ya kumi hadi moja ya tano ya maji ibadilishwe.

Tahadhari ya kichocho

Wananchi wanashauriwa kutookota konokono katika Mto Themi, mifereji ya umwagiliaji au madimbwi kwa ajili ya kufuga. Konokono wa jamii za Bulinus na Biomphalaria, wanaopatikana nchini, hubeba vimelea vya kichocho. Vimelea hivyo hutoka kwa konokono, huogelea katika maji na kupenya ngozi ya binadamu. Mtu anayetumbukiza mkono kusafisha tangi anaweza kuambukizwa bila kujua. Aliyegusa maji ya namna hiyo na baadaye akaona damu kwenye mkojo au kinyesi afike kituo cha afya, kwani ugonjwa huu una tiba.

Viumbe wa tangi wasitupwe mtoni

Mto Themi hupita katikati ya jiji, huungana na Kikuletwa na kuelekea Bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha Mto Pangani hadi Bahari ya Hindi. Kiumbe mgeni anayeachiwa Arusha ana njia ndefu iliyo wazi mbele yake. Nchini Kenya, konokono wa asili ya Amerika ya Kusini aina ya Pomacea alithibitishwa mwaka 2020 katika mashamba ya mpunga ya Mwea, ambako hushambulia miche michanga. Kamba mkubwa wa Louisiana aliyepandikizwa Ziwa Naivasha mwaka 1970 naye alichangia kutoweka kwa mimea ya majini ya ziwa hilo.

Uingizaji wa viumbe hai wa majini nchini unasimamiwa chini ya Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake. Anayetaka kununua aina ya kigeni aulize kwanza kwa Afisa Uvuvi wa halmashauri yake. Aliyechoka kufuga ampe mfugaji mwingine viumbe wake, na maji ya tangi yamwagwe kwenye bustani, mbali na mfereji.