Mali Bila Daftari: Kisa cha Seva Yetu

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii nimeiandika katika insha nyingi, lakini maana yake nilikuja kuipata kwa seva ya shule.

Seva ni tarakilishi inayotumikia tarakilishi nyingine. Yetu hutumia Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds huko Ufini mwaka wa 1991. Ndani ya Linux mna kiini, yaani programu kuu inayoamua nani apewe kumbukumbu, diski au mtandao.

Seva hii ina kadi mbili za mtandao. Moja inaelekea kwenye intaneti, nyingine kwenye tarakilishi za wanafunzi. Sasa fikiria steji ya Nakuru. Abiria atokaye Kabarnet kwenda Nairobi hushuka hapa akapanda gari jingine. Seva ndiyo steji, na pakiti za data ndizo abiria. Kwa kawaida kiini cha Linux hakivushi abiria mpaka kiamriwe. Amri hiyo hukaa katika mpangilio uitwao net.ipv4.ip_forward: 0 ni kukataza, 1 ni kuruhusu.

Mwalimu alikuwa ameshaiweka na kuihifadhi ile sheria ya kuficha anwani zetu za ndani nyuma ya anwani moja ya nje. Akanituma nifungue njia. Nikaingia kama msimamizi mkuu, nikaandika:

sysctl -w net.ipv4.ip_forward=1

Lo! Intaneti ikafunguka papo hapo. Wenzangu wakapiga makofi, nami nikajiona fundi kwelikweli.

Usiku ule mvua ilinyesha, radi ikanguruma upande wa Menengai, na stima ikapotea. Asubuhi stima ilirudi, seva ikawaka, lakini intaneti kimya. Na ndiyo wiki kidato cha nne walikuwa wakikusanya habari za miradi yao ya KCSE! "Wee fundi, umefanya nini?" wakaniuliza. Jasho likanitoka.

Nikaanza kuchunguza hatua kwa hatua. Seva yenyewe ilifika nje bila shida. Tarakilishi za wanafunzi ziliifikia seva, lakini nje hazikufika. Kumbe abiria wamekwama steji! Nikauliza kiini: sysctl net.ipv4.ip_forward. Jibu likaja: 0.

Kosa lilikuwa langu. Amri ya sysctl -w hubadilisha kiini kinachofanya kazi wakati huo tu. Ni kama chaki ubaoni. Seva ikizimika, ubao umefutwa. Ili badiliko lidumu, lazima liandikwe katika faili isomwayo kila seva inapowaka. Nikafungua /etc/sysctl.d/90-maabara.conf, nikaandika mstari mmoja:

net.ipv4.ip_forward = 1

Kisha nikaamuru sysctl --system ili faili isomwe. Lakini safari hii sikushangilia upesi. Niliizima seva kwa utaratibu, nikaiwasha tena, ndipo nikaamini.

Ukipewa kazi kama hii, kwanza andika thamani ya zamani kabla ya kuigusa. Pili, badilisha jambo moja kwa wakati mmoja, ukalijaribu. Tatu, usiseme umemaliza kabla ya kuzima na kuwasha.

Nilipokwenda kukiri kosa, mwalimu hakunigombeza. Alinipa daftari jipya la kuandikia kila badiliko la seva. Ukurasa wa kwanza una mstari ule mmoja.