Unapika bia nyumbani Morogoro? Pima joto la ndoo kabla ya kuchagua hamira

Morogoro. Ndoo ya lita 20 ya bia ya nyumbani inakula kimea, gesi au kuni, na siku nzima ya kazi. Halafu wiki moja baadaye unafungua mfuniko unakutana na harufu kama ya kitu cha kufutia rangi ya kucha. Pesa imeenda.

Wengi hulaumu maji au kimea. Mshukiwa wa kwanza awe hamira, hasa hamira isiyoendana na joto la mahali ulipoiweka ndoo.

Ndiyo maana wanaopika bia mara kwa mara huishia kuchagua moja na kubaki nayo. Ni hamira ya nyumba: wanajua inamaliza kazi kwa siku ngapi, inaacha ladha gani na inanuna ikipata hali gani. Kwa mtu wa Morogoro uchaguzi huu una kazi kidogo, kwa sababu joto la mjini na la milimani ni vitu viwili tofauti kabisa.

Mjini si Nyandira

Morogoro mjini ni kama mita 500 kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Oktoba hadi Machi joto la mchana mara nyingi hupita nyuzi joto 30. Panda Milima ya Uluguru hadi Nyandira, kule Mgeta, uko zaidi ya mita 1,500. Usiku wa Juni au Julai huko usipobeba blanketi utajuta.

Hamira ni kiumbe hai. Inakula sukari ya kimea, inatoa kilevi na hewa ya ukaa. Ikipata joto kupita inavyopenda, inafanya kazi kwa pupa na kuacha vilevi vizito vinavyokwaruza koo, pamoja na ile harufu ya kucha. Ikipata baridi mno inalala, na bakteria wanaochachusha wanapata nafasi.

Kuna jambo wengi hawalijui: hamira ikichangamka inazalisha joto lake yenyewe. Ndani ya ndoo panaweza kuwa na nyuzi 3 hadi 5 zaidi ya chumba. Kwa hiyo pima ndoo, siyo hewa ya chumbani.

Chukua SafAle US-05, moja ya hamira za bia zinazotumika sana duniani. Mtengenezaji wake anashauri nyuzi 18 hadi 26. Nyandira itakaa vizuri tu. Chumba cha Kihonda mwezi Januari kitaivuruga, labda uweke ndoo kwenye beseni la maji, uifunike kwa kitambaa kibichi na uwashe feni. Inasaidia, ila ni kazi ya kila siku.

Kwa mjini, mimi ningeenda na kveik. Hii ni jamii ya hamira za wakulima wa Norway, waliokuwa wakiikausha na kuitunza kizazi hadi kizazi. Aina ya Voss inayouzwa na kampuni ya Lallemand inafanya kazi kati ya nyuzi 25 na 40, na inapendelea hasa 35 hadi 40. Ndiyo, hamira ya nchi ya theluji inafurahia joto la Morogoro! Ubaya ni kwamba huikuti kwa Mangi, ni ya kuagiza.

Hamira za bia aina ya laga zinataka ubaridi wa nyuzi 10 hadi 15 hivi. Kama huna friji ya kazi hiyo, achana nazo.

Vipi hamira ya mkate?

Inafanya kazi. Kisayansi ni spishi ileile ya hamira nyingi za bia, *Saccharomyces cerevisiae*. Tofauti ni kwamba ilichaguliwa ili iumue unga haraka, siyo ili iache ladha safi au itue chini ya ndoo. Bia inabaki na ukungu na harufu ya unga. Kwa pombe ya mtama au ulezi, inayonyweka na ukungu wake, hilo wala si tatizo.

Na ya kienyeji?

Wapika pombe na togwa wana hamira ya nyumba tangu zamani: unabakiza kidogo cha mapishi yaliyotoka vizuri, unaanzishia mengine.

Hapahapa Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kilishachungulia kilichomo. Mwaka 2003 J.K. Mugula na wenzake, wakiwemo watafiti kutoka Norway, walichapisha utafiti kuhusu togwa. Walikuta kundi zima la bakteria wa ukakasi wakiishi pamoja na hamira za aina kadhaa, *Saccharomyces cerevisiae* ikiwamo. Kisha wakajaribu kutengeneza togwa kwa vianzio walivyovichagua badala ya kuacha bahati iamue.

Hapo ndipo penye jibu. Kianzio cha togwa kinakuja na bakteria wake, hivyo bia yako itakuwa chachu. Kwa togwa ndiyo raha yenyewe. Kwa bia ya kimea, hapana.

Ukishaipata, itunze

Bia ikishaiva, chini ya ndoo hubaki tope zito la rangi ya maziwa. Hiyo ndiyo hamira yako ya mapishi yajayo. Ichote kwa kijiko kilichochemshwa, weka kwenye chupa iliyochemshwa, ipeleke kwenye friji. Usikaze kifuniko, gesi inaweza kuipasua chupa. Itumie ndani ya wiki mbili.

Kabla ya kuimimina, poza uji wa kimea hadi kiwango hamira yako inachopenda. Ikipita nyuzi 50 unaiua.

Yote haya ni ya pombe ya kunywa kwako. Kuuza kunahitaji leseni ya vileo, na kuichemsha upate gongo ni kosa kisheria.

Tope likianza kunuka siki, au kuota utando juu, mwaga lote ufungue pakiti mpya. Hata likiwa zuri, ukifika mapishi ya tano au ya sita anza upya, maana kila mzunguko unabeba bakteria kidogo kuliko unavyoweza kuwaona.