Doa la Mwanga Mbinguni na Kitabu cha Matukio

Katika usiku usio na mwezi, wavuvi wa Kigwena, kusini mwa mji wa Rumonge, huwasha taa ziwani Tanganyika ili kuwavuta ndagala. Askari wa zamu aliyepo ufukoni hana budi kuzitambua taa hizo. Lakini mwezi wa Novemba, yapata saa tatu za usiku, mawingu ya mvua yakitawanyika, askari huyo akielekea kaskazini na kuinua macho hadi nusu ya anga, aweza kuona doa hafifu la mwanga. Hilo ni Andromeda, galaksi yenye mikono iliyojipinda kukizunguka kitovu chake. Nuru yake husafiri miaka ipatayo 2,500,000 ndipo ifike Kigwena.

Mwajemi Abd al-Rahman al-Sufi aliandika habari za doa hilo mnamo mwaka 964. Hata hivyo, hadi mwanzoni mwa karne ya 20, wataalamu wengi walidhani kuwa ni wingu lililomo ndani ya galaksi hii yenye Jua.

Mwezi wa Oktoba 1923, Edwin Hubble aliipiga picha kwa darubini kubwa ya Mlima Wilson, huko Marekani. Aliona nukta, akaitia alama ya nyota iliyolipuka ghafla. Alipoilinganisha na picha za miaka iliyotangulia, alitambua kwamba nyota hiyo hung'aa na kufifia kila baada ya siku 31 hivi. Akaifuta alama ya kwanza. Muda wa nyota za namna hiyo hudhihirisha nguvu halisi ya mwanga wao, na kwa nguvu hiyo umbali hukadiriwa. Ikathibitika kwamba Andromeda iko mbali, nje kabisa ya galaksi hii.

Mwaka 1970, Vera Rubin na Kent Ford walipima mwendo wa gesi ya Andromeda. Ilitazamiwa kwamba gesi ya pembezoni ingekwenda polepole, kama ziendavyo sayari zilizo mbali na Jua. Kumbe ilikwenda kwa kasi ya kilomita zipatazo 200 kwa sekunde! Wao walitangaza vipimo kama walivyovipata. Leo vipimo hivyo ni miongoni mwa ushahidi wa kuwapo kwa mata isiyoonekana kwa macho.

Funzo ni dhahiri. Kitabu cha matukio kilichoandikwa kwa uaminifu jana ndicho kimwezeshacho mlinzi wa leo kutofautisha taa ya mvuvi na taa ngeni.