Diski ya Kompyuta: Tununue Tukijua

Kompyuta si chombo cha ofisini peke yake tena. Hapa Pugu, kuanzia Kajiungeni hadi Stesheni, tunaikuta majumbani: mwalimu anatungia mitihani, katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa anaandikia hesabu za wanachama, kijana amewekea picha za harusi na maziko za ukoo mzima. Nyingi ni mashine zilizokwisha kutumika ng'ambo, zikaletwa nchini kuuzwa kwa bei nafuu. Nazo, kama kila kilichozeeka, hufika siku zikakwama. Na aghalabu kinachokwama ni diski ngumu, ile ambayo mafundi huiita hadidiski, ndiyo inayobeba kumbukumbu zote. Mwenye nyumba hupanda daladala hadi Kariakoo akiwa na shauri moja tu kichwani: apate kubwa kwa bei ndogo. Hapo ndipo tunapoona ipo haja ya kusema.

Ukubwa hupimwa kwa kazi. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ya Marekani ilipotoa diski ngumu ya kwanza, mtambo huo ulikuwa na uzito wa takriban tani moja na uliweza kubeba herufi milioni tano tu. Diski ya jigabaiti 128, ambayo leo huhesabiwa kuwa ndogo, inabeba zaidi ya mara 25,000 ya hizo. Barua, mitihani na daftari za kikundi kwa miaka kumi haziwezi kuijaza. Anayehitaji terabaiti ni mwenye kuhifadhi filamu na picha kwa wingi. Kadhalika kompyuta nyingi za zamani haziwezi kuanzia kazi kwenye diski na kuitumia yote iwapo inazidi terabaiti mbili. Mtu akiifungia ya terabaiti nne, nusu ya fedha yake inalala bure. (Na yule aliyenunua jigabaiti 500 akakuta mashine inamwonyesha 465 asimgombeze muuzaji. Kiwanda huhesabu kwa elfu, kompyuta huhesabu kwa 1,024.)

Aina ndilo jambo kubwa zaidi. Diski ya kale ina sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na juu yake kichwa cha kusomea kinaelea kwa nafasi nyembamba kuliko unywele. Ikigongwa wakati inazunguka, kichwa hugusa sahani na kukwaruza kumbukumbu. Aina ya pili, iitwayo SSD, haina kinachozunguka ndani yake. Inastahimili mtikisiko na ni nyepesi mno wa kusoma, kiasi kwamba kompyuta ya miaka kumi iliyokuwa ikijikokota huamka kwa muda mfupi. Kwa kompyuta ya nyumbani sisi hatuoni sababu ya kurudishia sahani mahali pa mfumo wa kuendeshea mashine. Iwekwe SSD, hata kama ni ndogo.

Lakini asidhani mtu kwamba amenunua usalama. SSD hufa ghafla bila hata ule mlio wa kukwaruza unaotahadharisha, na kumbukumbu zake zikipotea ni shida kuzirudisha. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, aina zote mbili zinaweza kuharibu kilichokuwa kikiandikwa. Wala si busara kuifungia SSD kabatini kwa miaka bila umeme, kwani kilichomo huweza kufifia. Chuoni kwa maalimu, kuhifadhi maana yake ni kukitia kitu kifuani kisitoke. Diski haina kifua. Kwa hiyo, kuliko kumaliza fedha zote kwa diski moja kubwa, ni heri zigawanywe: SSD ya kiasi ndani ya mashine, na diski ya sahani ya pembeni inayochomekwa mara moja kwa juma kunakili kazi, kisha ikachomolewa na kuwekwa mbali na kompyuta.

Kabla ya kwenda dukani fundi aifungue mashine. Ya mezani hupokea diski ya inchi 3.5, ya mapajani inchi 2.5, zilizo nyingi hutumia waya wa SATA, ila za zamani sana zina waya mpana wa IDE, na za karibuni zina tundu la kibati chembamba kisichohitaji waya. Diski isiyoingia ni hasara.

Sasa tuje kwa walanguzi. Diski iliyokwisha kuchoka husafishwa, ikabandikwa karatasi mpya na kuuzwa kama imetoka kiwandani leo. Balaa hili si la Kariakoo pekee: mwaka 2025 wanahabari wa Ujerumani walifichua diski zilizotumika zikiuzwa huko kama mpya, saa zake za kazi zimefutwa. Ipo programu ya bure, CrystalDiskInfo, inayoonyesha saa hizo. Mwaka mmoja ni saa 8,760. Diski "mpya" yenye saa 30,000 imekwisha kufanya kazi zaidi ya miaka mitatu mfululizo. Mnunuzi aombe ipimwe mbele yake, adai risiti ya EFD na dhamana ya maandishi yenye namba ya diski yenyewe. Muuzaji anayekasirika kwa maombi hayo amekwisha kujibu.

Nchi yetu iliwahi kuonja gharama ya kununua mitambo bila ujuzi. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta ukapigwa marufuku. Wako wanaolicheka zuio lile. Sisi tunasema wacheke taratibu, maana kila Jumamosi tunawaona wananchi wakibeba kutoka mjini vitu wasivyovijua.

Imebaki ile diski ya zamani. Sisi wa Pugu tunajua taka za jiji zinakokwenda, kwani dampo liko kwetu, Kinyamwezi. Kufuta mafaili hakuondoi kilichomo. Mwenye ujuzi kidogo huyafufua. Katibu aliyebeba majina, namba za simu na madeni ya wanachama amebeba amana, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamhimiza mwenye taarifa za watu azilinde. Diski ya sahani inayofanya kazi iandikwe upya yote kabla ya kuuzwa. SSD itumiwe amri yake ya kujifuta. Iliyokufa ya sahani itobolewe kwa keekee mpaka sahani zipasuke au zipindike. Ya SSD zivunjwe chembe zake nyeusi moja moja. Kisha apewe mnunuzi wa vyuma chakavu, isitupwe kwenye mfuko wa maganda ya ndizi.