Video moja, salamu za miaka miwili

Meseji ya kawaida ya simu huchukua herufi 160, na mzigo wake ni baiti 140 tu. Gawanya MB 1 kwa 140, utapata zaidi ya meseji 7,000. Utamu wa WhatsApp na Facebook za mwanzo ulianzia hapo, kwa watu wa Palma na Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji: waliozoea kukatwa hela kwa kila meseji sasa walinunua megas, kama wanavyoita vifurushi vya intaneti huko, wakaandika mpaka vidole vikachoka.

Movitel ilianza kazi Msumbiji mwaka 2012, ikasambaza minara hadi vijijini. Mwaka huohuo Facebook ilifikisha watumiaji bilioni 1. Kwa Wamwani na Wamakonde wenye ndugu Tanzania, ng'ambo ya mto Ruvuma, jambo hili lilikuwa kubwa, maana mto haukuwahi kuvunja undugu. Kilichouvunja ni bei ya kupiga simu nchi nyingine.

Basi tupige hesabu. Tuseme ujumbe mmoja wa WhatsApp, pamoja na vikorokoro vyake vyote, ni baiti 1,000. MB 1 itabeba jumbe 1,000. Video iliyoruhusiwa kwa miaka mingi ilikuwa na ukomo wa MB 16, yaani sawa na jumbe 16,000. Mtu anayeandika jumbe 20 kwa siku angezimaliza kwa siku 800, miaka miwili na ushei. Video hiyohiyo huisha kwa dakika chache, tena mara nyingi ni kichekesho kisichomhusu.

Na anayelipa ni nani? Meseji ya zamani ilimkata mtumaji peke yake. Video humkata na mpokeaji. Kundi la watu 256, ukomo uliowekwa mwaka 2016, likipakua video moja ya MB 16, jumla ni zaidi ya GB 4. Kwenye mtandao wa 2G wa kilobiti 40 kwa sekunde, kila mmoja atakaa dakika 53 akitazama kiduara kikizunguka, huku betri ikishuka naye alilipia kuichaji dukani.

Sensa ya 2017 iliwakuta watumiaji wa intaneti Msumbiji hawafiki 10 kati ya 100. Kwa hiyo simu moja barazani huwa ya ukoo mzima: mmoja anasoma, wengine wanasikiliza. Tangu mashambulizi ya waasi yaanze Mocímboa da Praia, Oktoba 2017, na watu kutawanyika hadi Pemba na Mueda, mstari mmoja wa "tumefika salama" una thamani kubwa kuliko video zote. Ukifukiwa chini ya video kumi, kuna mama atalala bila kuuona.

Ndugu yangu uliye Mtwara, Unguja au Muscat, ukiwa na neno kwa watu wa Palma, liandike. Na mwenye simu ile ya barazani mwelekeze namna ya kuzima upakuaji wa moja kwa moja.