Upasuaji wa Tumbo: Hatari Haiishi Mlangoni

Chukulia beshte yako ameshikwa na tumbo Jumamosi usiku. Anameza dawa za maumivu, analala. Jumatatu tumbo limekuwa gumu kama ubao, anatapika, na mko hospitali ya rufaa ya Nakuru, ile wengi bado tunaita PGH. Mnaambiwa kidole tumbo kimepasuka, lazima apasuliwe sasa hivi.

Saa chache baadaye anatolewa nje akiwa hai. Mnapumua. Lakini hapo ndipo unafaa kuwa macho zaidi.

Utafiti wa GlobalSurg uliochapishwa 2016 ulifuata wagonjwa 10,745 waliopasuliwa tumbo kwa dharura katika nchi 58. Ndani ya saa 24, asilimia 1.6 walikuwa wamefariki. Kufikia siku ya 30, walikuwa asilimia 5.4. Yaani wengi waliofariki walishatoka chumba cha upasuaji. Katika nchi zenye maendeleo duni idadi ilifika asilimia 8.6.

Sasa daktari atajuaje nani yuko hatarini? Mwaka 2007, Atul Gawande na wenzake kule Boston, Marekani, walitoa kipimo kiitwacho Apgar ya upasuaji, kwa mfano wa alama za watoto wachanga alizobuni daktari Virginia Apgar. Kinataka vitu vitatu tu vya wakati wa upasuaji: damu iliyopotea, presha ilishuka hadi wapi, na mapigo ya moyo ya chini kabisa. Ukipoteza zaidi ya lita moja ya damu, hapo unapata sufuri. Isipozidi mililita 100, unapata 3. Jumla ni 10. Mwenye 9 ama 10 hatari yake ni ndogo. Kuanzia 4 kushuka, kaa chonjo.

Kipimo hiki kimejaribiwa hapa kwetu, Hospitali ya Kenyatta, kwa waliopasuliwa tumbo. Na hakihitaji mashine ya mamilioni. Iwe Molo ama Naivasha, hesabu inafanyika kwa kalamu.

Si unabii, lakini. Mwenye 3 anaweza kupona, na mwenye 9 akageuka. Kazi yake ni kuamua nani alale karibu na muuguzi, nani apimwe presha kila mara badala ya kungoja asubuhi. Vitanda vikiwa vichache, uamuzi huo ni uhai.

Wewe je? Mgonjwa wako akitoka, uliza kwa heshima: "Daktari, alipoteza damu nyingi? Presha ilikuwaje? Tuangalie nini usiku huu?" Akirudi nyumbani na apate homa, tumbo lifure ama kidonda kitoe usaha, mrudishe siku hiyo hiyo.

Na tumbo likikaza, usingoje Jumatatu.