Rula ya fundi isikujengee nyumba: soma namba zilizo kwenye ramani

Ndugu zetu wengi waliorejea Burundi kutoka kambi za Nduta na Nyarugusu tangu mwaka 2017 wamerudi na azma moja: kujenga. Wafanyabiashara wa mpakani Kobero nao wanawaletea mabati, nondo na saruji. Katika pilikapilika hizo, nimeona karatasi moja ikiwaliza watu kuliko bei ya saruji. Karatasi hiyo ni ramani ya nyumba.

Jirani yangu, mama mjane mwenye watoto watano, alichorewa ramani nzuri kwenye karatasi ya A3 kwa skeli ya 1:100. Maana yake sentimita 1 ya karatasi ni sentimita 100, yaani mita 1, kiwanjani. Chumba kikubwa cha mita 4 kwa 3.5 kilichorwa sentimita 4 kwa 3.5. Ili ramani isichafuke, alimpa fundi fotokopi iliyopunguzwa hadi A4. Fundi akatoa rula, akapata sentimita 2.8 kwa 2.5, akachimba msingi wa mita 2.8 kwa 2.5.

Nilipoitwa kuangalia, mawe yalikuwa yameshapangwa. Chumba cha mita za mraba 14 kimekuwa cha mita za mraba 7. Nusu yake imemezwa na mashine ya fotokopi! Kitanda cha futi 6 kwa 6 peke yake kinakula mita 1.83 kila upande. Fundi alishalipwa, aliyeumia ni mama aliyeuza mbuzi wake ili anunue mawe hayo.

Kosa liko wapi? Mashine hupunguza mchoro, lakini haibadilishi maandishi. Karatasi ile bado ilisomeka 1:100, ilhali skeli yake halisi ilikuwa imefika kama 1:141. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ni hii: fuata namba iliyoandikwa kwenye mstari wa kipimo, usipime mchoro kwa rula. Namba ikikosekana, mrudie aliyechora. Mwombe pia achore chini ya ramani kijistari kilichogawanywa kwa mita. Karatasi ikipungua, kijistari nacho hupungua, kwa hiyo hakidanganyi.

Kanuni ya pili inawahusu hasa wanaovuka mpaka: uliza namba ni za kipimo gani. Ramani nyingi za Tanzania huandikwa kwa milimita, hivyo mlango ni 900 kwa 2100. Mchoraji aliyesomea mfumo wa Kifaransa huandika mlango huohuo 90/210, kwa sentimita. Na muuza mabati anakutajia futi! Bati la futi 10 ni mita 3.05, la futi 8 ni mita 2.44. Mteja akikuletea karatasi ya oda, andika kipimo pembeni mwa kila namba kabla hujapokea pesa.

Ya tatu, tazama mshale wa kipimo unaanzia wapi na kuishia wapi. Mita 4 kutoka katikati ya ukuta hadi katikati ya ukuta wa pili, kuta zikiwa na unene wa sentimita 15, zinakuachia mita 3.85 ndani, kabla ya plasta. Anayenunua vigae au kabati ajue hilo mapema.

Mwisho, kabla sururu haijagusa ardhi, piga mambo, funga kamba, kisha pima mwenyewe kwa futikamba. Pima pia kutoka pembe hadi pembe: chumba cha mita 3 kwa 4 lazima kitoe mita 5 pande zote mbili, la sivyo kimekaa mshazari.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa ulio kwenye ramani huzibwa kwa kalamu. Ukishafika kwenye msingi, utauziba kwa mbuzi mwingine.